Kwa aliyeuliza kwa nini wazoefu wanarudi kwenye .22 na .32

Mkuu, umeuliza kwa nini wazee wa renji (uwanja wa kupiga shabaha) unayokwenda huko Texas, watu walioshika bastola miaka mingi, wanakaa saa nzima na .22 au .32, yaani bastola za risasi ndogo, wakati wewe unaambiwa uanze na 9mm au .45, za risasi kubwa, ili uzoee. Ukaongeza kwamba shemeji alijaribu .40 ya rafiki yako, akapiga risasi chache, akaiweka mezani, na sasa hataki kusikia habari za renji. Nitajibu yote mawili pamoja kwa sababu jibu ni moja: risasi ndogo inampa mpigaji nafasi ya kuona kidole chake kinafanya nini.

Mimi niko Ohio, mwanachama wa klabu ya shabaha, na majira ya baridi huwa tunashindana ukumbini kwa mkono mmoja. Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyaona huko wiki hadi wiki.

Anza na hesabu. Kichwa cha risasi ya .22 Long Rifle kina gramu 2.6, na kikitoka kwenye mtutu wa bastola kinakwenda karibu mita 300 kwa sekunde. Cha 9mm kina gramu 7.5 hivi na kinafika kama mita 350. Cha .45 kinakaribia gramu 15, kwa mwendo wa mita 250. Zidisha uzito kwa mwendo: 9mm inasukuma zaidi ya mara tatu ya .22, na .45 inakaribia mara tano. Na si hilo tu. Nishati inayorudi mkononi inapanda kwa mraba wa msukumo huo, kwa hiyo ukishika bastola mbili za uzito sawa, ile ya 9mm inakurudia kwa nishati takriban mara kumi ya .22.

Mwili hausubiri maelezo. Ukishapigwa hivyo mara chache unaanza kujihami kabla risasi haijatoka: kiganja kinakaza, kifundo kinasukuma, jicho linafumba, pua ya bastola inainama. Kwa anayetumia mkono wa kulia matundu yanajaa chini kushoto, naye anaanza kuzilaumu saiti, yaani vilengeo vya juu ya bastola. Ubaya wa bastola kubwa ni kwamba kishindo chake kinaficha kosa lenyewe. Bastola imeruka, moshi umetoka, sikio limejaa, huwezi kujua kama mtutu uliinama kabla au uliyumba baadaye. Ukiwa na .22 unaiona saiti ya mbele ikitetereka wakati triga bado haijaachia. Unaliona kosa lako waziwazi, na ukishaliona unaweza kulifanyia kazi.

Ndiyo maana wazee hawaachi. Si kwamba mikono imechoka, ingawa wapo wenye baridi yabisi na bastola hizi ndizo zimewabakisha kwenye mchezo, jambo ninaloliheshimu sana. Wanarudi kwa sababu raha ya shabaha ni kuita risasi: kusema "hii imekwenda kulia, pete ya nane" kabla hujatazama darubini, kisha ukatazama na ukakuta ndivyo. Hakuna kishindo kinachofikia raha hiyo.

Tazama na mashindano makubwa. Kwenye Olimpiki, bastola ya mita 25 ya kasi inapigwa kwa .22: shabaha tano, risasi tano, kwanza kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Zamani mabingwa wa mchezo huo walitumia .22 Short, ambayo ni dhaifu kuliko hata .22 Long Rifle, hadi kanuni zilipobadilishwa baada ya michezo ya Athens ya 2004 na wote wakalazimika kuhamia Long Rifle. Watu wenye mikono imara kuliko yote duniani, wakiachiwa wachague, walichagua kinachorudi kidogo kabisa. Hapa Marekani tuna mashindano ya Bullseye, yale ya Camp Perry kando ya Ziwa Erie: risasi 270 kwa mkono mmoja, yadi 50 na 25, theluthi ya kwanza .22, ya pili bastola yoyote ya kaliba ya .32 kwenda juu, ya tatu .45. Sikiliza wachezaji wakiongea mezani. Wengi watakuambia alama za .45 zinajengwa na mazoezi ya .22.

Sasa .32, nami naongelea .32 ACP, ambayo vijana wengi hawajawahi hata kuishika. John Browning aliibuni mwaka 1899 kwa ajili ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji, na kwa miongo mingi polisi wa Ulaya waliitumia kwenye bastola kama Walther PP, iliyotoka 1929. Kichwa chake kina gramu 4.6, mwendo wake wa wastani. Miaka michache nyuma ziliingia hapa Beretta 81 zilizostaafishwa na polisi wa Italia: chuma na alumini, karibu gramu 700, magazini ya risasi 12. Zilipatikana kwa bei nafuu, na klabuni kwetu waliozinunua hawataki kuziuza. Ukiipiga utaelewa. Inasogea kidogo tu mkononi na saiti inarudi palepale ilipokuwa. Mimi nayo sichoki.

Lakini hapa kuna mtego, na naomba uusome vizuri kwa sababu umetaja kwamba muuzaji alimpendekezea shemeji bastola ndogo ya mfukoni "kwa sababu ni ya kike". Bastola ndogo si lazima irudi kidogo. Ruger LCP inatumia .380, risasi ambayo kwenye karatasi ni ndogo kuliko 9mm, ila bastola yenyewe ina gramu 270 hivi. Hakuna uzito wa kumeza msukumo, mpini ni mwembamba, kidole kidogo hakina pa kushika. Inauma. Imetengenezwa kubebwa, na kazi hiyo inaiweza. Kumfundishia mtu ni kumtesa. Smith & Wesson Model 41, bastola ya shabaha ya .22 iliyoanza kuuzwa 1957, inapita kilo moja. Kinachotuliza mkono ni risasi ndogo ndani ya chuma kizito chenye mpini unaojaza kiganja. Kila anayekuuzia bastola nyepesi kwa jina la urahisi, mwulize ameipiga magazini ngapi mfululizo.

Bei sitakaa nayo sana: risasi moja ya .22 unapata kwa senti 6 hadi 10, ya 9mm ni mara mbili au tatu yake. Ila kumbuka ukame wa kuanzia mwisho wa 2012, maduka makubwa yalipokaa bila .22 miezi na miezi na watu wakapanga foleni asubuhi. Weka akiba kidogo.

Kasoro zake ni za kweli. Kiwashi cha .22 kiko kwenye ukingo wa ganda, na mara nyingine hakijasambaa vizuri, kwa hiyo utakutana na risasi inayogoma. Ikigoma, acha mtutu uelekee kwenye shabaha, hesabu nusu dakika, ndipo ufungue. Kichwa chake ni cha madini laini ya risasi (lead) yenye nta, kinachafua bastola haraka, na mikono inatakiwa ioshwe kabla ya kula. Bastola nyingi za .22 hazifai kupigwa kavu, yaani kuvuta triga chemba ikiwa tupu, bila risasi ya bandia kwa sababu pini inagonga ukingo wa chemba. Soma kijitabu chake kwanza.

Na yeyote anayeiita mwanasesere mkatalie. Inaua, na ikikosa ukuta inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Sauti yake inapita desibeli 140 kutoka kwenye mtutu mfupi, kiwango kinachoharibu sikio. Kinga za masikio na miwani ni za lazima kama kwa .45.

Kwa wanaosoma wakiwa hapa kwa viza ya masomo au ya kazi ya muda: sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza kumiliki hata kukodi silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Muulize mwanasheria kabla hujagusa.

Sasa shemeji. Usimnunulie chochote kwanza. Mpeleke renji siku isiyo na watu wengi, maana mlipuko wa bunduki ya jirani unamtisha mgeni kuliko bastola aliyoshika mwenyewe. Kodi Ruger Mark IV au Browning Buck Mark yenye mtutu mzito. Avae vizibo vya masikio na juu yake kinga za kufunika. Shabaha yadi 7, risasi tano tu kwenye magazini, na wewe nyamaza. Akitaka ushauri atauliza, au mwache mwalimu wa renji amwelekeze. Akianza kuchoka simamisheni, hata kama muda uliolipia haujaisha. Mara ya pili au ya tatu, mwombe akubali umchanganyie risasi za bandia bila kujua ziko wapi, ili pua ya bastola ikiinama kwenye ya bandia alione kosa, naye akufanyie wewe vilevile na 9mm yako. Akija kutaka kitu cha nyumbani, ajaribu Smith & Wesson Shield EZ ya .380 ya 2018: slaidi yake (sehemu ya juu inayovutwa nyuma) ni laini kuvuta, na ukubwa wake unatosha kuipoza ile .380 inayouma kwenye LCP. Aamue mwenyewe, kwa mkono wake.