Virusi wa kutibu kidonda sugu: ni kweli
Dada, umeuliza kama ni kweli kuna virusi wa kutibu kidonda sugu kama cha mjomba wako. Si uzushi. Wanaitwa faji, virusi wanaoua bakteria tu. Seli za mtu hawazigusi. Nchi ya Georgia wanawatumia tangu miaka ya 1920, na 2016 faji walimwokoa mgonjwa Tom Patterson wa San Diego, Marekani, baada ya antibiotiki kugonga mwamba. Ila faji huchagua mno, kila mmoja na bakteria wake, hivyo usaha uoteshwe maabara kwanza, bakteria ajulikane. Nipo maabara hapa Mtwara: siku nyingine sahani nzima ya kuoteshea usaha imejaa utando wa bakteria, hakuna kidiski cha antibiotiki kilichofanya hata kijiduara kitupu, yaani hakuna dawa iliyowaweza. Faji hatuna. Mjomba wako wa Masasi akapimwe usaha, na maji ya kisima asijimwagie kidondani eti yana faji!