Karma si kisasi

Kaka, umeuliza kama zile filamu za Kihindi za vibanda umiza vya hapa Dodoma, shujaa anauawa kisha anazaliwa upya kuja kulipiza, ndiyo mafundisho ya Kibudha. Hapana. Kwa Wabudha hakuna roho isiyobadilika inayohama mwili hadi mwili. Karma kwao ni hivi: tendo lenye nia ndilo linalozaa matokeo, na ukilipiza kisasi unazidi kujifunga kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Tafuta ile filamu ya Thailand ya mzee Boonmee, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, 2010. Figo zimeharibika, anakaribia kufa, na anaamini ugonjwa umetokana na wakomunisti aliowaua zamani. Mkewe marehemu anatokea mezani wakila, wanaongea naye kwa upole kabisa! Inakwenda taratibu mno, lakini vumilia, tafadhali.