Kwa muuguzi mgeni ICU: usimlinde mgonjwa peke yako

Ukiingia wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) kwa mara ya kwanza, macho huvutwa na mashine. Unataka kujua ventileta, yaani mashine ya kupumulia, inasemaje, pampu ipi inapeleka dawa gani, mlio upi ni wa kukimbilia. Jifunze hayo yote, ila hatari kubwa mara nyingi huwa pale kazi inapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Utafiti mmoja uliofanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 1995 ulikuta kila mgonjwa wa ICU akifanyiwa wastani wa shughuli 178 kwa siku, na makosa takriban 1.7. Mazungumzo ya daktari na muuguzi yalikuwa asilimia 2 tu ya shughuli hizo, lakini yalihusika katika asilimia 37 ya makosa. Takwimu hiyo hainitoki kichwani.

Kwa hiyo makabidhiano ya zamu yafanyieni kitandani kwa mgonjwa. Mimi humwomba anayeondoka tufuate kila mrija kwa mkono, kuanzia kwenye sirinji au dripu, kupitia pampu, mpaka unapoingia mwilini, huku tukisoma jina la dawa, kasi yake na kiasi kilichobaki. Noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, ndiyo huniweka macho zaidi. Nguvu yake huisha ndani ya dakika chache, hivyo sirinji ikikauka wakati mnaagana, presha huporomoka hapo hapo. Ikiwa imebaki kidogo, mpya iandaliwe kabla mwenzako hajaondoka. Usione haya kumchelewesha.

Kumgeuza mgonjwa aliye kwenye ventileta nako si kazi ya mtu mmoja. Mmoja asimame kichwani ashike mpira wa kupumulia, na yeye ndiye ahesabu; wengine wasisogee mpaka atamke. Kabla ya hapo kila mtu akague mirija ya upande wake isibanwe wala kuvutika.

Agizo la mdomo lirudie: dawa, kipimo, njia, kisha usubiri daktari athibitishe. Na insulini, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au potasiamu ikihakikiwa na watu wawili, kila mmoja apige hesabu yake bila kuona ya mwenzake. Ukimwambia, "Ni mililita 4, sivyo?" ataitikia tu, hasa alfajiri wote mkiwa mmechoka.

La mwisho ndilo gumu kwa mgeni: kusema. Katika jimbo la Michigan, Marekani, zaidi ya ICU 100 zilitumia orodha fupi wakati wa kuweka katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa mkubwa wa damu: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu, kusafisha ngozi kwa kloroheksidini, kuepuka kuiweka kinenani, na kutoa katheta isiyohitajika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha maambukizi ya damu yamepungua hadi kwa asilimia 66. Naamini orodha hiyo isingefika mbali kama muuguzi asingepewa ruhusa ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua.

Siku yako ya kwanza, muulize kiongozi wa zamu waziwazi: "Nikiona hatua imerukwa, nina ruhusa ya kusimamisha kazi? Na daktari akikataa, nimwite nani?" Upate jina na namba ya simu, uviandike kabla hujapangiwa mgonjwa.