Python inasema hoja ya 'kiasi' haipo na wewe umeitoa? Kagua mabano

Mkuu, umeuliza kwa nini akaunti.weka(500) inakataliwa kwa madai kwamba hoja ya kiasi (thamani ambayo funksheni weka inataka ipewe) haijatolewa, ilhali 500 hiyo hapo kwenye mabano. Kosa hilo nalijua vizuri, lilinila jioni mbili nzima.

Uache kwanza mstari huo. Panda juu hadi ulipotengeneza akaunti. Karibu nina hakika umeandika akaunti = Akaunti, bila mabano mwishoni. Hapo hujaunda objekti yoyote, yaani akaunti halisi; umeipa klasi, kile kiolezo cha kuundia akaunti, jina la pili tu. Sasa, ukiita weka kupitia objekti, Python huiingiza objekti hiyo kimyakimya kwenye nafasi ya kwanza, ile ya self, na 500 inakwenda kwenye kiasi. Ukiita kupitia klasi, hakuna kinachoingizwa: 500 inakaa kwenye self na kiasi kinabaki wazi. Hesabu ya ujumbe wa kosa ni sahihi kabisa. Ila kilichokosekana ni objekti, na ujumbe unakitaja kiasi, kwa sababu nafasi hujazwa kuanzia kushoto na iliyobaki tupu ni ya mwisho.

Mimi niliuamini ujumbe neno kwa neno, nikaandika kiasi=0 kwenye funksheni (thamani ya chaguo-msingi, itumike 0 kiasi kisipotolewa) ili utulie. Ukatulia kweli, likaja jingine: namba kamili haina sifa iitwayo salio. Ndipo nikashtuka, namba imefikaje mahali pa akaunti? Na hiyo ilikuwa bahati, maana funksheni ile isingegusa self popote, programu ingeendelea na 0 bila kulalamika. Tafadhali usizibe kosa la aina hii kwa thamani ya chaguo-msingi kabla hujajua limetoka wapi.

Lina ndugu yake: ukisahau self unapoandika funksheni, utaambiwa inapokea hoja 1 na umeipa 2, wakati umeandika moja tu. Nyingine ni objekti yenyewe.

Kati ya lugha nyingine za programu, JavaScript ndiyo inanitia hofu zaidi. Hoja isiyotolewa inakuwa undefined (haina thamani), funksheni inaendelea, na kosa linakuja kulipuka mbali, pengine kwenye faili jingine. PHP nayo ilikuwa ikitoa onyo na kusonga mbele, hadi toleo la 7.1 lilipoanza kurusha kosa palepale.

Kwako sasa: juu ya mstari unaokataa, weka print(type(akaunti)). Ikichapa type badala ya Akaunti, ongeza mabano kule juu, kisha endesha tena.