Corolla 110 inagonga mbele: usianze na shokapu

Mkuu, umesema 110 yako ya 1998 inagonga mbele kushoto, fundi kaisikiliza dakika mbili tu akakwambia shokapu zote nne zimekufa. Inawezekana zimekufa kweli, gari yenyewe ni mtu mzima sasa. Ila mimi nilianzia hapohapo na 110 yangu: nikanunua shokapu nne, zikafungwa, na mlio nikarudi nao nyumbani siku ileile.

Kabla hujaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, na hela mfukoni, tafuta tuta. Lipande taratibu, matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kisha rudi, safari hii pandisha tairi la kushoto peke yake. Ikigonga upande mmoja unapopanda na ikanyamaza yakipanda yote, mshukiwa wa kwanza ni stabilaiza linki, kile kijifimbo kinachoshika ncha ya chuma cha stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala upande). Matairi yakipanda pamoja, chuma cha stabilaiza kinajizungusha tu na linki haina kazi kubwa. Ukipanda upande mmoja ndipo inavutwa, na kama imelegea utaisikia. Kwenye rasta (vile vituta vidogo vidogo vilivyopangwa barabarani) ndiyo inapiga kelele kuliko yote, kama kijiko ndani ya kikombe. Ni spea ya bei ndogo na nati zake ni mbili, kazi inaisha chai haijapoa (isipokuwa nati zikiwa zimeshika kutu, hapo ni grainda).

Kama siyo hiyo, nyanyua gari, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi. Ukibaki, mulika boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshika mguu wa tairi kwa chini. Ukishika kulia na kushoto likacheza, nenda kwenye tairodi endi na raki, vyuma vya usukani vinavyokata tairi. Boljointi usiiwekee kesho, ikichomoka tairi linalala chini ya gari na usukani hauna maana tena.

Sasa tuje kwenye bushi za wishiboni, yaani mipira ya ule mkono wa chini unaoshikilia tairi, maana ndizo zilizonila hela mara mbili. Dalili yangu ilikuwa hii: nikifunga breki nasikia "ku!" moja nzito miguuni, nikitoa rivasi kuingiza D nasikia nyingine, na usukani unavuta upande kwenye breki kali. Nikabadilisha bushi, gari ikatulia kabisa. Mwezi wa nne tangu zifungwe, mlio ukarudi. Kuchungulia, mpira umechanika duara zima, bushi mpya! Nikamlaumu muuza spea, nikamrudishia maneno yake yote.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa Tabata. Aliichukua ile bushi iliyochanika akaniwekea kiganjani, akaniuliza, "Hii kijana, unadhani inazunguka?" Nikasema ndiyo. Akacheka. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajinyonga tu na kurudi. Fundi wangu wa kwanza alikaza bolti gari ikiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Chuma cha ndani kikabanwa katika mkao ule. Gari iliposhuka, mpira ukabaki umenyongwa masaa yote, hata ikiwa imepaki. Yule mzee alifunga bolti kwa kushikiza tu, akashusha gari ikae kwa uzito wake, akaitingisha mara mbili tatu, akaingia shimoni na kukaza kabisa. Bushi hizo ninazo hadi leo. Bushi za mikono ya nyuma ni hivyohivyo. Simama hapo fundi anapokaza, usiende kununua soda.

Shokapu nazo zina wakati wake. Ukiona mafuta yamechuruzika mwilini mwake, au tairi limeliwa kwa mabonde mabonde, badilisha, na zibadilishe mbili mbili kwa ekseli. Ukichukua za mtumba, isimamishe, sukuma fimbo hadi chini. Ya gesi iliyo nzima hupanda yenyewe taratibu. Ikikaa huko chini imelala, mrudishie mwenye duka. Na usikubali mtu afungue ile nati ya juu ya shokapu ya mbele kabla springi haijabanwa na kifaa chake. Nimeona springi imefungwa kwa waya na kipande cha kamba, nikatoka gereji nikasubiri barabarani. Springi ile ina nguvu ya kumvunja mtu taya.

Wapo watakaokushauri uchomeke mipira kati ya springi ili gari inyanyuke. Inanyanyuka, kweli. Na itakurusha kama punda.

Ukimaliza, kapige alaimenti (kunyoosha mkao wa matairi), hasa ukigusa tairodi au wishiboni, vinginevyo matairi mapya yataliwa upande mmoja kabla hujajua.

Halafu kitu kimoja kabla hujafungua hata bolti moja: toa jeki na spana zote kwenye buti, uendeshe bila hivyo. Mwaka juzi nilimtesa fundi siku nzima kwa mlio wa nyuma kulia. Ilikuwa jeki, imelegea kwenye kibano chake.