Wadogo zangu, ijueni kazi kwanza ndipo mchague mbinu

Kila mwaka wa fedha unapoanza, mwezi Julai, ofisi zetu za miradi hupokea waratibu wapya waliotoka mafunzoni na vyeti vyao, na kabla wiki haijaisha ukuta mzima huwa umeshabandikwa karatasi za rangi. Sina ugomvi na karatasi hizo. Kinachonichosha ni kusikia skramu, yaani mbinu ya kufanya kazi kwa mizunguko mifupi na kurekebisha kila mzunguko unapokwisha, ikitangazwa kuwa ndiyo mbinu ya mradi wakati andiko lenyewe halijasomwa hadi ukurasa wa bajeti. Ninaandika kwa mapenzi, ingawa subira yangu imepungua, kwa hiyo mnivumilie.

1. Jiulizeni kwanza kubadili uamuzi kutagharimu nini. Kisima kikishachimbwa hakihamishwi, na zabuni ikishatangazwa, kila marekebisho ya vipimo yana utaratibu na muda wake. Kazi za namna hiyo zinataka mpango wa hatua kwa hatua, bangokitita (jedwali la malengo, shughuli na viashiria vya mradi) lililojadiliwa kwa kina, na chati ya Gantt, yaani mchoro wa kazi na muda wake, ambayo fundi na mhasibu wote wanaiamini. Ukurasa wa programu ya simu, kwa upande wake, unaweza kubadilishwa leo mchana na kurudishwa ulivyokuwa kesho asubuhi; hapo sprinti, yaani ile mizunguko mifupi ya skramu, zina faida, kwa sababu watumiaji wengi hujua wanachokitaka baada ya kukiona. Mnapenda kuibeza mbinu ya maporomoko, ile ya kumaliza hatua moja ndipo uanze nyingine, kana kwamba aliyeichora hakujua udhaifu wake. Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 huhesabiwa kuwa chimbuko la mbinu hiyo, alizichora hatua zinazofuatana kisha akaonya hapohapo kwamba kuzifuata hivyo ni hatari. Nao wale watu 17 waliokutana Utah mwezi Februari 2001 na kutoa tamko la ajaili, jina la jumla la mbinu za mizunguko mifupi kama skramu, walikuwa wakizungumzia programu za kompyuta; habari ya visima na madaraja hawakuigusa.

2. Someni masharti ya mfadhili kuhusu taarifa za robo mwaka kabla ya kupanga urefu wa sprinti.

3. Msiwalazimishe watu waende kwa kasi ya programu. Hili nililifanya mimi. Tulikuwa na mradi wa kuandikisha wagonjwa kwa vishikwambi katika vituo vya afya na zahanati za wilaya moja, nami, nikiwa mratibu, niliamua kwamba kila kitu kitakwenda kwa mizunguko ya wiki mbili, yaani programu, ununuzi, mafunzo, hata safari za gari. Kila mzunguko ulipokwisha tuliiboresha fomu. Mara tukakitanguliza kijiji mbele ya jina la mgonjwa; mara tukaigawa tarehe ya kuzaliwa katika visanduku vitatu; baadaye tukavifuta visanduku vyenyewe. Ofisini kila badiliko lilipigiwa makofi. Kule vituoni wahudumu walikuwa wamefundishwa kwa kitini chenye picha za fomu ya mwanzo, na fedha za kuwaita tena hazikuwepo, kwa kuwa bajeti iliruhusu posho na nauli za awamu moja tu.

Nilikwenda kukagua nikiwa na uhakika wa kusifiwa. Nikamkuta muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akiwaandika wagonjwa kwenye kitabu cha MTUHA, yaani daftari rasmi la taarifa za huduma za afya, kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka, huku kishikwambi kikiwa ndani ya droo katika mfuko wake wa plastiki. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole ambao ungekuwa hasira ningeuvumilia: "Mwanangu, kitabu hiki nikikiacha jioni, asubuhi nakikuta kilevile." Mganga mfawidhi akaongeza kwamba takwimu tulizojivunia ziliingizwa usiku na kijana anayejitolea, kutoka kwenye kitabu hichohicho, kila tarehe ya ripoti inapokaribia. Nilikuwa nimewabebesha watu kazi mara mbili na kuiita ufanisi. Baya zaidi, msimamizi wetu wa mafunzo alikuwa ameshanitahadharisha kikaoni, nami nikamjibu mbele ya wenzake kwamba anapinga mabadiliko; tangu siku hiyo hakuchangia tena hadi alipohama.

Nilipaswa kuiacha programu izunguke katika kituo kimoja cha majaribio, na kuifunga fomu ya vituo vingine hadi robo mwaka inayofuata, mafunzo na kitini vikifuata ratiba ya mwanzo. Mradi mmoja unaweza kubeba mbinu mbili, mradi tu iandikwe zinakutana wapi na nani anasimamia makutano hayo.

4. Kikao cha kila siku kisigeuzwe baraza. Mwongozo wa skramu unakipa dakika 15, nacho ni cha wanaofanya kazi ili waipange siku yao. Kwetu mratibu hukaa kichwani pa meza, hufungua kwa neno la utangulizi, kisha kila mmoja humtazama yeye na kusema "naendelea nalo." Kijana aliyekwama tangu Jumatatu naye anaendelea nalo, kwa kuwa hakuna anayetaka kukwama mbele ya bosi. Jaribuni kuanza kwa kuuliza nani anamsubiri nani, na mratibu asimame nyuma au, ikibidi, akanywe chai kwanza.

5. Kazi ikichelewa, msikimbilie kuomba watu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, na hesabu yake haina ugumu: watu 5 wana jozi 10 za kuwasiliana, watu 10 wana jozi 45. Mgeni naye hufundishwa na yuleyule ambaye kazi yake ndiyo imechelewa. Mwenye mradi wa namna hiyo sasa hivi aketi na timu, wachague kipengele cha kuondoa, kisha amwandikie mfadhili barua kabla robo mwaka haijafungwa, maana ikishafungwa litakuwa suala la mkaguzi.