Maswali na majibu: Mkono uliopiga ni wa nani?

Mume wangu akilewa hunipiga. Asubuhi analia: "Si mimi, mkono ulinitoka tu, shetani alinipitia." Nimwamini? (Mama wa watoto watatu, Masasi)

Pole sana, dada yangu. Machozi yake yanaweza kuwa ya kweli, ila maelezo yake siyo. Upo ugonjwa wa nadra ambao mkono hujiendea wenyewe baada ya ubongo kuumia: mmoja unafunga kifungo cha shati, wa pili unakifungua. Mgonjwa huuogopa mkono huo, huushika kwa ule mwingine. Wa mumeo unachagua wa kumpiga. Siku ya kupima korosho, karani wa mizani akimpunja kilo mbele za watu, unamtoka? Akikutana na mwenyekiti wa kijiji, naye kalewa vilevile, anampiga? Kama huko anajizuia, basi mkono ni wake, na nyumbani pia ni wake. Pombe hulegeza kujizuia, haimpi mtu mkono wa mwingine. Akitaka kubadilika kweli, aanze kwa kutamka "nilikupiga" bila kumtaja shetani, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Lakini usingojee hilo ndipo ujilinde. Nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, na kama umeumia chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, utibiwe.

Mwalimu alisema mtu anaweza kudanganywa akahisi mkono wa mpira ni wake. Inawezekanaje, na inahusianaje na tabia? (Mwanafunzi, Mtwara mjini)

Inawezekana, mdogo wangu. Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walilieleza jaribio hilo mwaka 1998. Mkono wako unafichwa nyuma ya kizuizi, wa mpira unawekwa mbele ya macho yako. Yote miwili inapapaswa kwa brashi, mahali palepale na kwa wakati mmoja. Baada ya muda wengi huanza kuhisi brashi pale kwenye mpira. Brashi zikipishana, hisia hiyo hufifia. Kumbe ubongo unaujua mwili kwa kuunganisha kinachoonekana na kinachohisiwa, tena kila wakati.

Kuhusu tabia, mwaka 2013 Lara Maister, Manos Tsakiris na wenzao waliwapa washiriki Wazungu mkono wa mpira wenye ngozi nyeusi. Kadiri mtu alivyouhisi zaidi kuwa wake, ndivyo upendeleo wake uliojificha dhidi ya watu weusi ulivyopungua. Walipima mielekeo ya ndani, hawakupima matendo, kwa hiyo usiseme brashi humgeuza mtu kuwa mwema. Hata hivyo naliona jambo kubwa humo: mwili wa mwenzako ukikaribia kuwa wako, kumdharau kunakuwa kugumu.

Baba kapata kiharusi, kushoto kumepooza. Anasema mkono ule ni wa marehemu kaka yake, anausukuma utoke kitandani. Majirani wanasema jini. (Lindi)

Si jini, wala mzee hasemi uongo. Hutokea hasa upande wa kulia wa ubongo unapoumia, maana ndio unaosimamia kushoto. Msibishane naye. Mwambieni daktari pale Hospitali ya Sokoine maneno yenyewe anayoyasema, kwa sababu ndugu wengi huyaficha kwa aibu. Mkono ulazwe juu ya mto, usining'inie, na chai ya moto ikae mbali nao.

Binti yangu wa miaka 6 hataki kupakatwa na wajomba zake. Bibi yake anasema namlea jeuri. (Newala)

Binti aseme "shikamoo" kwa sauti, alete maji ya kunawa, akakae zake mkekani. Adabu imetimia, kupakatwa si sehemu ya maamkizi. Mtoto anayezoeshwa kunyamaza anapoguswa asivyotaka, atajuaje kwamba mwenzake naye akisema hapana ni lazima aache? Mweleze bibi kwa upole, mkiwa wawili, na umkumbushe kuwa somo wake mwenyewe alimfundisha kuutunza mwili wake. Na ukiona mtoto anamkwepa mjomba mmoja tu kati ya wote, muulize taratibu, mbali na watu, bila kumtisha. Ukisikia la kukutia wasiwasi, piga 116, simu ya bure ya masuala ya watoto.